Waliosema Asante

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na leo hiyohiyo nimeanza kazi. Sijui kama ni dalili njema au mbaya. Mamkubwa anasema ni mvua tu.

Daftari hili amenipa yeye. Lilikuwa la vipimo vya wateja wake wa cherehani, kurasa za mbele zimejaa viuno na mabega ya watu nisiowajua. "Hofu zako ziandike humu, baba," ameniambia. "Usinisomee mimi kila ninapotia uzi kwenye sindano."

Basi naandika. Tangu nimalize chuo nimekaa nyumbani nikituma maombi ya kazi, hadi nikajua kwa kichwa maneno yote ambayo ofisi hutumia kumkataa mtu kwa upole. Kazi hii kaipata mamkubwa, si mimi. Mteja wake mmoja, msimamizi katika kampuni ya simu, alikuja kupunguziwa gauni. Mamkubwa, pini zikiwa mdomoni, akamwambia ana kijana wa marehemu mdogo wake, msomi, anayeogopa hata kivuli chake. Yule dada akacheka. "Mwoga ndiye ninayemtaka," akasema. "Mlete."

Nimemshukuru leo mara nyingi mno, mpaka akaniambia inatosha.

Jumanne, 5 Machi

Niieleze kazi, nisije nikaisahau kwa wasiwasi.

Tupo ghorofa ya juu kabisa, chini ya bati. Katika chumba kikubwa wamekaa wauzaji, kila mmoja na spika masikioni, wanawapigia watu na kuwauzia huduma za simu. Katika chumba kidogo cha pembeni tumekaa sisi wa uhakiki, wawili tu. Kila simu ya mauzo hurekodiwa. Huduma huanza papo hapo, na rekodi hutufikia siku nyingi baadaye, kwa sababu zimerundikana. Tunasikiliza kama mteja kweli alikubali. Kwenye kompyuta kuna vitufe viwili: cha kijani kimeandikwa SAHIHI, na chekundu IRUDIWE. Ukibonyeza chekundu, huduma inasimamishwa mpaka mteja apigiwe tena na kuulizwa upya.

Mwenzangu wanamwita Mzee Waya, ingawa hata mvi hana. Spika zake zimefungwa kwa gundi ya karatasi na waya wake umepinda kama mkia wa nguruwe. Nilimuuliza chekundu hubonyezwa mara ngapi.

"Hicho ni kama mtungi wa kuzimia moto," alisema. "Kinapendeza ukutani."

Msimamizi wetu wanamwita Kengele, akiwa hayupo. Kila muuzaji anapofanikiwa, yeye hugonga kengele ndogo ya shaba iliyo mezani kwake, na chumba kizima hupiga makofi. Mimi pia nimepiga. Inachangamsha, siwezi kukataa.

Jumatano, 6 Machi

Nimefika mapema kupita kiasi. Mlinzi amenifungulia akidhani mimi ndiye fundi wa paa. Nimeona haya kumsahihisha, nikaonyeshwa panapovuja.

Jumatatu, 11 Machi

Huduma inayouzwa zaidi inaitwa Mlinzi wa Laini. Kila asubuhi inakata salio kidogo kwenye simu ya mteja, na laini yake "inalindwa." Nimeuliza inalindwa dhidi ya nini. Mzee Waya amesema dhidi ya kubaki na salio.

Ukutani kwetu kuna karatasi yenye kichwa "Maneno ya Kukubali." Yameandikwa manne: ndiyo, sawa, haya, asante. Nililikodolea macho hilo la mwisho kwa muda. Kengele alipoingia nikajikaza, nikamuuliza, "Samahani dada, hata asante?"

Hakukasirika. Alikaa ukingoni mwa meza, akanijibu kama mwalimu anayempenda mwanafunzi wake. "Hebu fikiria. Mtu akikuuzia kitu usichokitaka, utamshukuru?"

Nilifikiri. Nikasema labda hapana.

"Basi," alisema, akanipigapiga begani.

Ilionekana ni hoja. Nimetembea nayo njia nzima kurudi nyumbani na bado sijaona ilipopasuka.

Alhamisi, 14 Machi

Kengele ameona kwamba mchana nanywa maji tu. Hakusema kitu mbele za watu. Alipita akaweka nusu ya chakula chake juu ya meza yangu, kimefunikwa kwa sahani, akaendelea na safari yake kama mtu aliyesahau kitu. Nilikula nikiwa nimeugeukia ukuta. Sijui nitamlipa nini huyu dada.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Sahihi, sahihi, sahihi.

Ijumaa, 22 Machi

Leo imenyesha kuanzia asubuhi hadi tunatoka. Bati lilikuwa linanguruma, hata ukipiga kelele mwenzako anaona midomo tu. Nilidhani mauzo yatalala. Kumbe kengele haikunyamaza.

Muuzaji wetu bora anaitwa Asali, kwa sababu ya sauti yake. Hata akiomba kupishwa mlangoni unajisikia umebarikiwa. Alikuja kwetu kugawa karanga, nikamuuliza siri ya leo.

"Mvua hii ni muuzaji mwenzetu, kaka," alisema. "Na kule kwao inanyesha vilevile. Mtu hasikii vizuri, anaona aibu kukuambia rudia mara ya nne. Anasema, 'Haya mwanangu, haya, asante.' Anataka tu akate aende kuanua nguo."

"Lakini huyo hajakubali," nilisema.

"Kasema nini?"

"Asante."

Alielekeza karanga kwenye karatasi ya ukutani, kisha akaitupia mdomoni.

Mzee Waya amenifundisha namna ya kumaliza kazi kabla ya jioni. "Usisikilize simu nzima, utazeeka. Sikiliza mkia." Mkia ni maneno ya mwisho kabla simu haijakatwa. Mkia ukiwa na haya au asante, kijani. Nimejaribu. Kazi imekwenda kama siagi kwenye kikaango.

Jumatano, 27 Machi

Mamkubwa analalamika kwamba simu yake inakunywa salio kama cherehani bovu linavyokunywa mafuta. Anaweka jioni, akiamka halipo. Anasema bila shaka anaongea sana. Nimemwambia apunguze salamu. Amesema atajaribu.

Jumanne, 2 Aprili

Mamkubwa ameamka na homa kali. Nilikwenda kazini kwa kuogopa kuomba ruhusa, nikakaa mbele ya kompyuta nisisikie chochote. Kengele aliniangalia mara moja tu. "Nani anaumwa?" akauliza. Nilipomwambia, alichukua funguo za gari, akanipeleka nyumbani kwenye mvua inayofumba macho, akapita duka la dawa bila mimi kumwambia, na alipofika akamkanda mamkubwa kichwa kwa kitambaa huku akimtania: "Fundi, usije ukafa na gauni langu halina mikono."

Mamkubwa alicheka, akakohoa, akacheka tena. Alimshika mkono akamwambia, "Umeniokolea mtoto, leo umeniokoa na mimi."

Naandika haya ili siku nikimfikiria vibaya nisome hapa.

Ijumaa, 5 Aprili

Homa imepungua. Lakini mamkubwa amepoteza kazi ya sare za shule moja. Walitaka awathibitishie kwa simu jana asubuhi. Salio halikuwepo, na kwa homa ile hakuweza kutoka kwenda kuongeza. Mimi nilikuwa kazini. Wamempa fundi mwingine.

"Ni mdomo wangu huu," amesema. "Salamu zangu zimenila."

Vitambaa alivyonunua vya mfano vimekunjwa juu ya kabati. Hataki nivitaje.

Ijumaa, 12 Aprili

Kila Ijumaa Kengele hupigiwa simu na wakubwa. Leo nilikuwa napeleka karatasi mezani kwake, nikamkuta amesimama wima kama yuko gwarideni, ingawa aliyempigia hamwoni. "Ndiyo mkuu. Nitaongeza. Asante mkuu. Asante." Alipoweka simu chini mkono ulikuwa unatetemeka. Akaugeuza ule utetemekaji kuwa kugonga kengele, ingawa hakuna aliyeuza. Watu wakapiga makofi.

Nilikuwa nadhani mwoga ni mimi peke yangu humu.

Jumanne, 16 Aprili

Lazima niandike polepole.

Mvua ilikuwa imetulia mchana, ndiyo maana niliweza kusikia. Nilifungua rekodi nyingine, ya Asali, ya ile Ijumaa ya mvua kubwa. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mkia. Sauti ya mwanamke ikasema, "Haya baba, asante, asante sana, Mungu awazidishie." Nyuma ya sauti kulikuwa na mlio wa cherehani ukipungua, kama mguu unaoachia pedali.

Mlio ule ndio ulionilea. Niliuondoa mkono kwenye kijani kama nimeungua.

Nikairudisha mwanzo. Niliisikiliza yote, simu nzima ya kwanza kuisikiliza tangu nifundishwe mikia. Asali anamsalimia vizuri. Anamweleza Mlinzi wa Laini kwa haraka, mvua ikimeza nusu. Mamkubwa anasema, "Sikusikii vizuri baba, ila nashukuru kunipigia. Hata kijana wangu ni karani hukohuko kwenu."

Asali ananyamaza kidogo sana. Kisha anasema, "Aaa, mama! Kumbe wewe ni wa nyumbani!"

"Ndiyo baba. Mlimpa kazi. Sijapata hata siku moja ya kuwashukuru."

"Basi mama, tunakuunganisha, sawa?"

Mvua. Na kisha ule mkia.

Alikuwa anatushukuru kwa ajili yangu. Salio lake, sare za shule, vitambaa juu ya kabati, vyote vimetokea hapo.

Nilikwenda kwa Asali nikiwa sijui nitasema nini. Nilisema tu, "Yule mama mwenye cherehani ni mamkubwa wangu."

Rangi ilimbadilika. Kweli hakujua ni wangu. "Pole, kaka," alisema, na nadhani alimaanisha. Kisha akashusha sauti. "Lakini hebu niambie. Kila ninayempigia si mamkubwa wa mtu?"

Kengele alishaona. Alinivuta pembeni, akasikiliza rekodi kwenye kompyuta yangu mpaka mwisho, macho chini. "Fundi wangu," alisema. "Hapana. Huyu tunamtoa sasa hivi, nitamrudishia salio mwenyewe. Huyu ni wetu." Akabonyeza mambo fulani kwa namba yake ya siri na mamkubwa akatoka. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

"Umefurahi?" akaniuliza.

"Asante, dada," nilisema.

Alipoondoka, rekodi iliyofuata ilijifungua yenyewe. Bibi mmoja. "Haya mjukuu wangu, asante." Niliitazama mpaka kioo kikazima.

Jumatano, 17 Aprili

Leo sikubonyeza chochote. Nilijifanya kompyuta ni nzito.

Jioni, kabla giza halijaingia, nilimweleza mamkubwa. Alikuwa anashona pindo. Alidhani mwanzo ninamlaumu. Alipoelewa, aliacha kukanyaga pedali.

"Kwa hiyo nilivyomshukuru yule kijana ndio nikawa nimenunua?"

"Ndiyo."

"Yaani adabu yangu ndiyo wameiuza?" Alitazama vidole vyake. "Na mimi hapa najitukana mwezi mzima kwamba nina mdomo."

Nilimwambia Kengele ameshamtoa, na salio litarudi. Nilimwambia pia ninachofikiria kufanya, na kwamba kipindi changu cha majaribio kinaisha mvua zikiisha, na kwamba kibarua hiki kikiota nyasi sina kingine. Nilitumaini atanikataza. Nitaandika ukweli: nilitumaini sana.

"Yule dada alinikanda kichwa," alisema. "Usije ukamvunjia heshima."

"Sitaki kumvunjia heshima."

Alitia uzi, ukakosa tundu, akatia tena. "Na huyo aliyefuata baada yangu ni nani?"

"Simjui. Ni bibi fulani."

"Ana sauti gani?"

"Kama ya kwako."

Akaanza kukanyaga pedali. Pindo lote la gauni lilikwisha nikiwa bado pale.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimebonyeza chekundu.

Nilianza na yule bibi. Kidole kilikuwa na jasho hata kikateleza, ikabidi nibonyeze mara mbili. Hakuna kilicholipuka. Mzee Waya aligeuka akatazama kioo changu, akavua spika.

"Umekosea?"

"Hapana."

"Basi hujalala."

Nilisikiliza kila simu kuanzia kichwa. Waliosema ndiyo, nataka, niunganishe, niliwapa kijani. Waliosema haya na asante tu, niliwapa chekundu. Hadi tunatoka kioo changu kilikuwa kama duka la nyanya.

Sijala. Nimeirudia ile ya tarehe mbili Aprili, niliyojiandikia nisome. Nimeisoma, na bado yote ni kweli.

Ijumaa, 19 Aprili

Kengele aliniita saa ileile ambayo hupigiwa na wakubwa. Nafikiri walikuwa wameshampigia.

Hakunipa kiti. "Mimi nilikutoa wapi?" aliuliza.

"Nyumbani, dada."

"Nani alikupa chakula chake? Nani alimkimbilia mama yako kwenye mvua?"

"Ni wewe."

"Na mama yako nimemtoa. Sasa hawa wengine ni nani zako?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba usiku, yenye mwanzo na mwisho, yote ikayeyuka. Nilichoweza kusema ni hiki: "Dada, ninakushukuru. Nitakushukuru hadi nizeeke. Lakini sijakubali. Na wao ni hivyohivyo. Walishukuru tu."

Mvua ilianza, tukawa tunaisikiliza wote wawili. Hapo ndipo nikaiona hoja yake ya ile siku ilipopasuka. Ndiyo, unaweza kumshukuru mtu anayekuuzia usichokitaka. Mimi nilikuwa nimesimama hapo nikifanya hivyohivyo.

"Umesema warudiwe," alisema mwishoni. "Basi utawarudia wewe. Wote. Kwa mdomo wako. Tutaona mdomo wako una nini."

Anajua ninavyoogopa simu. Sauti yangu hupanda kama ya kuku aliyekanyagwa.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimekaa chumba kikubwa, katikati ya wauzaji, nikiwa na karatasi niliyoandika sentensi moja: "Je, unaitaka huduma hii inayokukata salio kila asubuhi, au huitaki?" Asali aliisoma begani mwangu. "Kaka," alisema, "hiyo si lugha ya biashara. Hiyo ni kiapo cha mahakamani."

Wa kwanza ni fundi baiskeli. "Nilisema haya kwa sababu nilikuwa na spana mdomoni," alisema. "Ondoa. Na wewe mbona unatetemeka, wamekushika?"

Wa pili alinitukana, mimi na waliotangulia katika ukoo wangu. Nilimshukuru. Ilitoka yenyewe. Chumba kizima kikacheka, na mimi nikacheka pia, kwa mara ya kwanza humu ndani.

Alhamisi, 25 Aprili

Hapana. Hapana. Hapana. Mmoja amesema anaitaka, na anaipenda, na anauliza kama kuna kubwa zaidi. Nilimuuliza tena ili nihakikishe, akakasirika. Nimempa kijani kwa furaha kubwa. Kengele aligonga kengele yake mara moja, kavu, na hakuna aliyejua apige makofi au asipige.

Jumanne, 30 Aprili

Leo nimempata yule bibi aliyefuata baada ya mamkubwa. Alikuwa mkunga, sasa amestaafu, anaishi peke yake. Nilimsalimia, "Shikamoo bibi," akaitikia, nikamsomea sentensi yangu.

"Ah, hapana mjukuu wangu, siitaki," alisema. "Sikujua hata kama ninayo."

"Lakini ulimwambia asante, bibi."

"Nilimshukuru kwa vile alinisalimia vizuri. Siku hizi nani anakupigia tu akusalimie? Aliniuliza nimeamkaje. Nikaona, huyu kalelewa. Kumbe alikuwa na lake."

Nilimwambia nimemwondoa, na salio alilokatwa nitaliombea lirudishwe. Alinishukuru, kisha akajishtukia: "Ngoja. Hapa nikisema asante sijanunua kingine?"

"Hujanunua, bibi."

"Basi asante."

Nilipoinua kichwa Kengele alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, spika ya pili sikioni. Husikiliza simu za wafanyakazi hivyo, wakati mwingine. Aliivua taratibu akaiweka mahali pake na kuondoka. Alipita mezani kwake bila kuigusa kengele.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua inapungua. Mchana, kwa simu yangu mwenyewe, nimempigia yule mkunga kumsalimia. Hatukuwa na la kuongea. Tumeongea sana.

Ijumaa, 10 Mei

Mzee Waya ameniambia, bila kunitazama, akijifanya anafunga waya wake: "Jana nimesikiliza moja nzima."

"Ikawaje?"

"Ndefu." Akakata gundi kwa meno. "Nimeipa chekundu. Usimwambie mtu."

Nimemtengenezea chai. Hakuuliza kwa nini.

Alhamisi, 16 Mei

Jua. Mamkubwa ameanika magodoro. Ile shule imempigia: yule fundi mwingine amewashonea suruali za mguu mmoja mrefu. Amevishusha vitambaa kutoka juu ya kabati akavifuta vumbi kama mtu anayemwosha mtoto uso.

Jumatano, 22 Mei

Kengele alikuja nyumbani kupimwa gauni. Nilijificha jikoni, nisiwadanganye wasomaji wa daftari hili, ambao ni mimi. Niliwasikia.

"Geuka. Umepungua," mamkubwa alisema. "Hawakulishi huko?"

"Kijana wako ananipunguza, fundi. Ana kichwa kigumu."

"Alikuwa anaogopa kuku."

"Bado anaogopa. Anatetemeka, lakini hatoki." Sauti ya pini zikiingia kwenye kitambaa. "Wakubwa wanataka nisimwongezee mkataba. Nimewaambia wanipe wiki."

Mimi nilikuwa nimeshika sufuria tupu kama ngao.

"Mimi nakushukuru ulimchukua," mamkubwa alisema. "Ukimrudisha nitakushukuru vilevile, maana alipokuja kwako hakuwa hivi. Inua mkono."

Kengele alicheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. Alipokuwa akitoka alisema kwa sauti, kuelekea jikoni, "Na wewe uliyemo humo, sufuria haijaungua?"

Ijumaa, 24 Mei

Kengele ameniita leo. Sijathibitishwa kuwa karani wa uhakiki. Nilikuwa nimeshaanza kumwaga shukrani zangu za kuaga, akanikatiza kwa mkono.

"Sijamaliza. Ile namba ya watu wanaotaka kujiondoa, unaijua?"

Naijua. Imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya matangazo yetu yote. Simu yake iko kwenye kibanda mwisho wa ukumbi, karibu na choo, pale hasa nilipoonyeshwa panapovuja. Hulia kutwa. Hakuna anayeipokea, ndivyo ilivyopangwa.

"Wakubwa wanataka kukuadhibu," alisema. "Nimewaambia nina adhabu nzuri. Utakaa pale na uipokee."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa nilifungua mdomo.

"Usinishukuru," alisema haraka. "Usinishukuru, tafadhali. Sema unaitaka au huitaki."

"Naitaka," nilisema.

Akaandika. Na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, yeye ndiye aliyesema asante, polepole sana, akiitazama karatasi.

Jumatatu, 27 Mei

Siku ya kwanza kibandani. Kiti kina miguu mitatu na tofali moja. Bati halivuji tena, kwa kuwa mvua imekwisha, ila nimeweka ndoo ya mwakani. Asali alipita akaniwekea karanga dirishani. "Ninawaingiza, unawatoa," alisema. "Kaka, mimi na wewe ni mlango." Alitaka kucheka, lakini hakucheka vizuri. Alibaki pale kidogo, kisha akaniuliza yule mkunga hajambo.

Simu ililia. Nilijifuta kiganja kwenye suruali, nikapokea, nikasema sentensi yangu ya kukaribisha, sauti ikapanda kama kawaida.

Upande wa pili kulikuwa na kimya, na nyuma ya kimya, cherehani.

"Mamkubwa?"

"Heee! Kumbe kweli inapokelewa!"

"Mamkubwa, wewe si umeshaondolewa? Una shida gani?"

"Sina shida. Nilitaka kusikia kama unapokea."

"Sasa umepoteza salio kwa ajili hiyo tu?"

"Ni langu, baba," alisema, na nilisikia mguu wake ukirudi kwenye pedali. "Niache nilitumie."